Vyuma za Wazae: Kushuti Fensi na Grili za Kitambo Kanairo

Siku ukiwa tao na hauna haraka, simama River Road ama Biashara Street uinue macho hadi gorofa ya kwanza. Chini ni duka za simu, mabango, makanga wanaita watu, mkokoteni imeziba njia. Juu ya hiyo kelele yote kuna balkoni ndogo iko na vyuma zimekunjwa maua, zimepakwa rangi mara hauwezi hesabu, na watu wamezilenga tangu asubuhi. Hizo ndo nataka tubonge leo. Fensi za kitambo, mageti, grili za madirisha, vyuma za ngazi. Ni vitu zilitengenezwa na mafundi wenye walishadedi kitambo, na bado zinatesa kushinda karibu kila kitu imejengwa hapo kando.

Sai mayouth wengi wanapenda ile luku ya kivintage. Kamera ya mzae imetolewa kabatini, suruali ya miaka ya 70 imesakwa soko ya Gikosh, mtu anasimama mbele ya ukuta, picha inapigwa. Halafu kwa simu inapakwa filta ya rangi ya chai, inaongezwa mikwaruzo na vumbi feki, kwisha. Mimi hiyo form siikubali. Mikwaruzo ya kununua inajulikana haraka, ju inakaa vile vile kwa kila picha. Ukitaka picha ikae ya zamani, tafuta kitu ya zamani kwanza, uijue, uingoje mwanga wake, na filta itabaki na kazi kidogo sana. Vyuma ndo pahali poa pa kuanzia hiyo shule, ju kila chuma inakushow ilitoka enzi gani ukijua pa kuangalia.

Chuma na Kanairo zilikuja pamoja. Reli ya kutoka Mombasa ilifika hapa 1899, na kabla hapo hii ilikuwa uwanda wa maji na nyasi. Wafanyabiashara na mafundi wengi wa ile tao ya kwanza walikuwa Wahindi, ndo maana Biashara Street ilikuwa inaitwa Bazaar Street. Moi Avenue ilikuwa Government Road, na Tom Mboya ilikuwa Victoria Street. Mmoja wa hao wafanyabiashara, A. M. Jeevanjee, alitoa ile bustani yake kwa watu wa tao 1906. McMillan Library ikafunguliwa 1931 pale Banda Street, na ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi 1958. Ukisimama nje ya hiyo library, hapo kwa simba za mawe, kumbuka kuna githaa mzae wako hangekubaliwa kupita huo mlango hata kama alikuwa anajua kusoma kuliko wote.

Hii nasema ju vyuma pia ziko kwa hiyo stori. Serikali ya mkoloni iligawa Kanairo kwa rangi ya ngozi. Familia za Kihindi zilikuwa zinajenga Ngara, Pangani, Parklands na Eastleigh, nyumba za mawe ya kuchonga, na mwenye kujenga alikuwa anataka geti yake iongee. Ukienda Kaloleni, mtaa yenye ilijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika, hautapata hayo mapambo. Mwafrika alikuwa anapewa chumba akae kwa kukodi, na akimaliza kazi arudi ocha. Geti ya maua inawekwa na mtu anajua atakaa hapo hadi azeeke, na nyumba itabaki kwa watoto. Kwa hivyo ukishuti grili ya Ngara unashuti pia ni nani alikubaliwa kuita Kanairo nyumbani. Picha yenye inabeba hiyo uzito haihitaji vumbi feki.

Sasa tuingie kwa chuma yenyewe. Hapa wasee wengi hupotea, ju kila kitu nyeusi na imekunjwa wanaiita "ya kitambo". Hapana. Kuna chuma aina tatu utapatana nazo, na kila moja inashutiwa tofauti.

Ya kwanza ni chuma ya kufua. Hii fundi aliiweka kwa moto, ikawa nyekundu, akaipiga nyundo na kuikunja ikiwa bado na joto. Iko na kaboni kidogo sana, ndo maana inakunjika bila kupasuka. Angalia ncha ya ule mkunjo: inaanza nene, inapungua pole pole hadi inakuwa nyembamba, ju nyundo iliivuta. Penye vyuma mbili zinapatana utaona pete ya chuma imezifunga, ama ribiti imepita katikati. Na mikunjo haifanani sawasawa. Wa kushoto umefunga sana, wa kulia umefunguka kiasi. Hiyo tofauti ndogo ndo mkono wa mtu, na ndo kitu ya kuleta karibu na lenzi.

Ya pili ni chuma ya kumimina. Hii iliyeyushwa ikawa maji, ikamwagwa ndani ya ukungu wa mchanga. Kaboni yake ni mob, asilimia 2 kwenda juu, kwa hivyo ni ngumu lakini ukiigonga vibaya inavunjika pap. Hapa kila ua linafanana na jirani yake, kila mkuki uko na kichwa sawa, na ukiangalia kando unaweza pata mstari mwembamba penye nusu mbili za ukungu zilikutana. Karne ya 19 viwanda za Uingereza na Scotland zilikuwa zinaimimina kwa wingi na kuipakia meli. Saracen Foundry ya Walter Macfarlane, Glasgow, ilikuwa na katalogi nene: msee akiwa mbali huko kwa makoloni anachagua namba ya fensi, namba ya nguzo, namba ya balkoni, na mzigo unakuja baharini. Kushuti hii, tumia ule mrudio wake. Simama kando ya fensi, wacha mikuki zikimbie hadi mwisho wa fremu, ufokasi ya tatu ama ya nne, zingine ziyeyuke.

Ya tatu ni stili ya kuchomelea, yenye iliteka soko baada ya vita ya pili ya dunia. Hapa utaona uvimbe wa weldi kila pahali vyuma zinakutana, na ukigonga bomba ya mraba inalia tupu. Usiidharau. Grili nyingi za Parklands na South C za miaka ya 60 na 70 ni za hii aina, na ziko na michoro safi ile mbaya: almasi, mawimbi, miale ya jua. Na fundi wa jua kali wa leo ndo mrithi wao. Ukipita Kariobangi kwa wale mafundi wa mageti utaona bado wanasokota chuma ya mraba ikiwa na joto, wanaikata na grainda, wanaipaka praima nyekundu. Hiyo wira ni ile ile, vifaa ndo zimebadilika.

Kuna geti moja Ngara napenda sana kurudia. Ni milango mbili fupi, urefu wa kifua, na katikati jua linachomoza: nusu duara chini, halafu miale kumi na kitu zinapanda juu hadi ukingo. Mwale mmoja ulivunjika zamani, na mtu akaweka kipande cha bomba ya mraba mahali pake, nene kuliko wenzake, na weldi imevimba. Hapo chini kwa bawaba rangi imebanduka ukubwa wa sarafu ya bob ishirini, na ndani ya hako kashimo unaona historia yote: kijani ya juu, chini yake maziwa, halafu bluu ya anga, halafu ile nyekundu ya praima, halafu kutu. Wasee wengi wakifika hapo wanashuti geti yote na mtu ameiegemea. Mimi naambianga kila mtu apige magoti kwanza, asonge hadi simu ikatae kufokasi, arudi nyuma kiasi, apige hako kashimo. Hiyo bomba nene pia. Kiraka ndo kinakushow kwamba kuna watu wameishi hapo, wamevunja, wakatengeneza, wakaendelea.

Mwanga sasa. Kanairo iko karibu sana na ikweta, kwa hivyo jua linapanda wima na kwa haraka. Ule mwanga wa dhahabu wa asubuhi hauketi. Linachomoza mida ya saa kumi na mbili unusu, na kabla saa mbili ifike ushakuwa mweupe na mkali. Ukitaka kivuli cha grili kimelala kwa ukuta ama kwa lami, rauka mangware, ama ungoje kuanzia saa kumi na moja jioni. Kivuli ni nusu ya picha. Kuna siku nashuti kivuli peke yake, chuma yenyewe inabaki nje ya fremu, na maua ya geti yanatokea kwa vumbi ya barabara yamenyooshwa mara mbili.

Halafu kuna mwezi wa saba. Watu wanalia baridi, mawingu yamefunika tao wiki nzima, na mashutingi zinaahirishwa. Manze, hiyo ndo githaa ya kushuti vyuma! Wingu linatawanya mwanga, hakuna kivuli kali, na kila alama ya nyundo inaonekana. Na mvua ikinyesha, ngoja ipungue kisha utoke. Chuma ikilowa inakuwa nyeusi ya kweli, kutu inageuka rangi ya machungwa iliyoiva, na matone yanakaa kwa ncha za mikuki. Msimu wa mvua ndefu kutoka mwezi wa tatu hadi wa tano, usiache kamera kwa keja.

Ukiwa na anga nyeupe nyuma ya fensi, usiogope. Gusa anga kwa skrini, punguza mwanga, na vyuma zitakuwa umbo jeusi tupu. Mchoro wa fundi unabaki peke yake, bila rangi, bila kutu, na unaona venye alikuwa ameupanga.

Hiyo anga nyeupe inaleta siri moja yenye nikiambia mtu huwa anabadilika vile anaediti. Cheki picha za kwanza za Kanairo, zile za enzi za W. D. Young, msee alipiga picha reli ikijengwa. Anga ni tupu, nyeupe kabisa, hata kama siku ilikuwa na bluu ya kufa mtu. Sababu ni kwamba sahani na filamu za githaa hiyo hazikuwa zinaona nyekundu. Bluu zilikuwa zinaiona sana, kwa hivyo anga inachomeka inakuwa nyeupe. Nyekundu na machungwa zilikuwa zinatoka karibu nyeusi. Filamu za kuona rangi zote sawasawa zilikuja kuenea miaka ya 1920 na 1930. Sasa fikiria chuma yenye kutu: kwa macho yako ni machungwa, lakini kwa kamera ya 1905 ingekuwa nyeusi tii.

Kwa hivyo ukigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, usiachie simu ijiamulie. Ingia kwa Lightroom ya simu, penye unaweza songesha mwanga wa kila rangi peke yake. Shusha nyekundu na machungwa, inua bluu. Anga itapotea, kutu itakuwa giza, geti ya bluu itapauka, na picha itakaa ya enzi zile bila hata kuongeza punje moja ya vumbi. Hiyo ndo form ya kweli. Kama unataka ile kahawia ya zamani, weka kidogo tu, ju ile kahawia haikuwa uchafu. Ilikuwa dawa. Wapiga picha walikuwa wanageuza fedha ya kwenye karatasi kuwa salfaidi ya fedha, yenye inadumu zaidi, na rangi ikabadilika njiani.

Rangi za miaka ya 70 na 80 ni stori nyingine. Toa albamu ya mathe. Zile picha zimegeuka nyekundu nyekundu, si ju zilipigwa hivyo. Karatasi ya rangi iko na wino tatu, na kwa picha nyingi za enzi hiyo ile ya bluu-kijani ndo ilikuwa inadhoofika kwanza hata ikiwa imefungwa gizani. Ikienda, nyekundu na manjano zinabaki zikitawala. Ukitaka hiyo luku kwa geti la Parklands, inua weusi kidogo kwa ule mstari wa mwanga na giza, kona ya chini kushoto, ili nyeusi iwe kijivu. Halafu punguza bluu-kijani kwa vivuli. Basi, wacha hapo. Ukiongeza kila kitu kwa pamoja, picha inakuwa tangazo la soda.

Vifaa zisikusumbue sana. Simu yoyote iko poa, lakini usitumie lenzi pana ukiwa karibu, ju inapinda vyuma zilizonyooka na geti inakaa imelewa. Rudi nyuma, tumia ile ya mara mbili, washa mistari ya skrini, unyooshe. Kama uko na kamera ya kubadilisha lenzi, saka lenzi kuukuu ya kuskrui kwa adapta. Helios 44-2, yenye ilikuwa inakuja na kamera za Zenit za Urusi, ni milimita 58 na inafunguka hadi f/2. Nyuma ya kitu umefokasi majani yanazunguka duara, na jua likiingia kwa kioo weusi unapauka wenyewe. Na kama mzae alikuachia kamera ya filamu kama Pentax K1000, ambia fundi aicheki kwanza, halafu uweke Ilford HP5 ama Kodak Gold. Picha 36 pekee ndani ya roli. Hiyo uchache inakufunza kungoja.

Kuna njia moja napenda kushinda zote na watu hapa hawaitumii sana: sayanotaipu. John Herschel aliigundua 1842. Unachanganya dawa mbili za chumvi ya chuma, unapaka kwa karatasi gizani, unakausha, unaweka negativu ya picha yako juu, unaacha juani, halafu unaosha na maji ya kawaida. Inatoka bluu nzito. Picha ya fensi, imetengenezwa na chumvi ya chuma, na jua letu lenye ni la bure. Umbo jeusi la mikuki za geti linatoka safi sana kwa hiyo bluu.

Tuje kwa luku ju najua ndo mlikuwa mnangoja. Kuegemea fensi kwa picha haikuanza na sisi wala na mitandao. Miaka ya 1860 huko Ulaya studio za picha zilikuwa zinaweka kipande cha roshani cha uongo ndani ya chumba, mtu anaweka mkono hapo. Picha ilikuwa inachukua sekunde kadhaa, na mtu akiegemea kitu hatikisiki. Huo mkao ulizunguka dunia, ukafika hadi pwani yetu. Studio kama Capital Art Studio ya Zanzibar, yenye Ranchhod Oza alianzisha 1930, na ile ya N. V. Parekh pale Mombasa, zilipiga vizazi vya watu wakiwa wamevalia safi, wamesimama kwa heshima. Ukimweka beste yako kwa geti la kitambo sai, unaendeleza hiyo kitu, kwa hivyo mpange kama mtu wa maana. Mabega chini, mkono mmoja kwa chuma, macho mbali na kamera ama ndani yake kabisa.

Nguo: chagua rangi zenye zinaelewana na kutu na rangi kuukuu. Maziwa, kahawia, kijani ya chupa, bluu iliyopauka. Kitambaa chenye kiko na uzito, kodroi, sufu, pamba nene. Nembo kubwa ya kampuni kifuani inaua picha papo hapo. Na usimweke mtu katikati akaziba mchoro. Msukume kando, theluthi moja ya fremu, chuma ipumue.

Heshima pia ni kifaa. Geti ni ya mtu. Ukifika, salimia soja, sema unataka nini, mwonyeshe picha zenye ushapiga. Kama mwenye keja ni mzae ama shosho, muulize geti ilitoka wapi kabla uulize kama unaweza ishuti. Wengi hawajawahi kuulizwa, na ukiuliza unapewa jina la fundi, mwaka, na chai juu. Usiweke nambari ya nyumba wala sura ya mtu kwa mtandao bila kukubaliwa. Ikulu, kambi za jeshi, stesheni za karao na balozi, achana nazo kabisa hata kama fensi inakuita. Na mangware tembea na mbogi, simu moja nje, zingine mfukoni.

Kitu inaniuma ni hii: hizi vyuma zinaisha. Ngara, Pangani na Parklands nyumba za mawe zinaangushwa kila mara, gorofa zinapanda, na geti ni kitu ya kwanza kuondoka na lori. Chuma inaenda kwa mizani ya skrepa, inapimwa kwa kilo, na jua kama lile la geti ya Ngara linayeyushwa pamoja na bati na vipande vya gari. Wizi nao umeongezeka. Mwanzo wa 2022 serikali ilipiga biashara yote ya skrepa marufuku kwa miezi kadhaa, ju watu walikuwa wameanza kubomoa hadi nyaya za stima na vyuma za reli. Kama mtu anaweza kung'oa reli, ka-grili ka dirisha la gorofa ya kwanza kataokolewa na nani?

Na haiko kwetu tu. Wakati wa vita, kuanzia 1941, serikali ya Uingereza ilikata fensi za chuma za bustani na nyumba London ikisema zinaenda kuunda silaha. Hadi leo vishina vya vyuma viko kwa kuta za mawe huko, vimekatwa sawa na ukuta. Baada ya vita, mitaa mingine ya kusini mwa London ikawekewa fensi ya mastrecha za chuma zenye zilikuwa zimetengenezwa kubeba majeruhi wa mabomu. Ukizicheki vizuri unaona bado zile kona za miguu ya strecha. Wapiga picha wa huko wamezishuti sana, na kuna watu wanazitetea zisitupwe.

Karibu na sisi, Beit el-Ajaib ya Zanzibar, yenye Sultani Barghash alijenga 1883, ilikuwa na nguzo za chuma ya kumimina zimebeba roshani zake pande zote. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba iliporomoka ikiwa inakarabatiwa, na mafundi wawili wakafa. Sai wenye wanataka kuijenga tena wanahitaji kila picha yenye mtu aliwahi kupiga hapo. Hata ile ya mtalii wa kawaida yuko likizo, ameegemea chuma za roshani, inaweza onyesha kiungo fulani kilikuwa kimeshikwa aje.

Kwa hivyo nikishuti geti siku hizi napiga mara mbili. Picha ya kwanza ni ya roho: mwanga wa jioni, kivuli, beste yangu kwa pembe, ile anga nyeupe ya 1905. Ya pili ni ya fundi: nimesimama mbele kabisa, kamera imenyooka, hakuna filta, na tepu ya kupimia imening'inizwa kwa chuma ili urefu usomeke. Halafu viungo, moja moja, kwa karibu. Na hiyo ya pili, fundi wa Kariobangi anaweza chukua akatengeneza geti lile lile, mwale kwa mwale. Nimebonga na mafundi kuhusu hii na wanasema wanachohitaji ni mchoro ulionyooka na kipimo kimoja cha uhakika. Vyote viwili vinaingia kwa simu.

Wale wako Mombasa, nyinyi mna Mji wa Kale, eneo lenye lilitangazwa la kuhifadhiwa tangu 1990. Anzieni Ndia Kuu, mpande na macho yenu roshani moja moja, mbao na chuma pamoja. Kisumu na Nakuru pia kuna duka za Kihindi za zamani zenye grili hazijaguswa. Bungoma, Machakos, Thika, cheki barabara ya kwanza ya tao, ile ya karibu na stesheni ama soko.

Na kama mtaa yenu iko na geti la kitambo lenye bado limesimama, lishuti wiki hii. Andika jina la barabara na tarehe, weka kopi moja bila kuiediti, na uchapishe moja kwa karatasi umpelekee mwenye keja.